Shahidi wa Mukami

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Ukipita soko la Gakoromone hapa Meru, upande wa vitunguu, utanisikia kabla hujaniona, na wateja wangu wanajua kwamba ukiminya nyanya zangu halafu uondoke bila kununua, nitakutukana mpaka ucheke. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kushuku kwamba kuna neno moja nimelinyamazia miaka arobaini. Marehemu mume wangu hakulijua. Mchungaji halijui. Mungu nimemwambia mara nyingi, lakini Mungu si mtu wa kukugombeza palepale ukasikia, na mimi nilikuwa namtafuta wa kunigombeza huku nikimkimbia.

Mukami ni jirani yangu hapa Kinoru. Haoni. Anatofautisha mchana na usiku, basi. Alikuwa mpokeaji simu katika ofisi moja ya serikali mpaka mitambo ilipobadilishwa, na bado ana sauti ile ya kumfanya mtu aliyepiga simu kwa hasira aombe radhi. Mimi ndiye ninayemsindikiza benki, hospitali na kanisani. Akina mama wa kanisa wananisifu sana. Kuna mwaka walinizawadia leso mbele ya watu, kwa ajili ya upendo wa kudumu, wakapiga vigelegele. Leso hiyo sijaifunga hata siku moja.

Mwaka juzi surua ilizuka tena huku kwetu, na ilipotulia wakaja watafiti. Kiongozi wao, Daktari Kiende, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye viatu vya raba. Alitaka damu ya watu wa umri wetu walioiugua zamani, ili apime kama mwili bado unaikumbuka. Tukapanga foleni kwenye ukumbi wa kanisa, Mukami na mimi, tukatolewa damu, tukaambiwa turudi baada ya wiki tatu.

Kabla ya wiki hizo kwisha, Ndwiga akapiga simu. Ndwiga ni kaka yake Mukami, anakaa nyumbani kwao Siakago. Alisema mama yao, Cicily, hawezi tena kuinuka kitandani, na kila siku anamuulizia Mukami.

Hapo lazima nieleze ya nyuma, ingawa ningependa kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Mwaka wa 1984 mvua ilikataa. Baba yangu alikuwa afisa wa mifugo. Serikali ilikuwa imemhamisha kutoka Nkubu mpaka Siakago, na mimi, niliyezaliwa kwenye migomba na baridi, nikatiwa shule ya bweni ya wasichana kule chini Mbeere kwenye joto na miba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mukami alikuwa na kumi na miwili. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Yeye alizungumza Kimbeere na mimi Kimeru, tukichoka kusikilizana tunarudi kwenye Kiswahili. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada mpaka yakaisha, kisha tukawa tunapewa uji wa maji, kikombe kimoja kwa siku.

Mwezi wa saba surua ikaingia bwenini. Mwalimu Ednah, aliyesimamia mabweni, hakuwa na muuguzi wala dawa, ila alijua jambo moja: mtu aliyewahi kuugua surua haiugui tena. Kwa hiyo akawakusanya wagonjwa kwenye bweni la pili, akatangaza kwamba watahudumiwa na wasichana walioiugua wakiwa wadogo. Kazi yao itakuwa kupeleka uji, kufua shuka na kuwaosha wenzao macho. Wahudumu hao watapata uji wa maziwa, kikombe kizima asubuhi na kingine jioni.

Shule nzima ikainua mikono. Sote tulikuwa tumeugua, hata mara tatu tatu.

Mwalimu Ednah hakuwa mjinga. Akaweka sheria kwamba hakuna atakayejishuhudia mwenyewe. Ni lazima msichana mwingine anayejua kwenu asimame mbele yake na kusema kwamba mzazi wako amethibitisha. Mimi nilikuwa nimeugua kweli, Nkubu, nikiwa na miaka sita, na binti mmoja ambaye baba zetu walitoka pamoja huko juu akanishuhudia. Nikapita. Kisha nikachungulia lile bweni. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, watu wanakohoa, mwingine analia akimwita nyanya yake. Nikaogopa kuingia humo bila mtu wangu. Nilimhurumia Mukami pia, maana mbavu zake zilikuwa zinahesabika, lakini nisijipake mafuta: woga ndio uliokuwa mbele.

"Mukami, wewe umeugua surua?" akauliza Mwalimu Ednah.

"Sijui, Mwalimu."

"Ameugua," nikasema mimi. Hata sikuwa nimeulizwa. "Mama yake aliniambia. Aliugua akiwa bado wa kubebwa mgongoni."

"Cicily alikuambia? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu. Jumamosi ile tulipita kwao na baba."

Kwao tulikuwa tumepita kweli, na maji tulikunywa. Kuhusu surua hakuna aliyesema neno. Mukami akanigeukia akitabasamu, kwa sababu kwake ilikuwa habari njema. Tukanywa uji wa maziwa siku kumi. Siku ya kumi na moja akaniambia macho yanamwasha.

Baadaye sana nilielezwa kwamba surua ikimkuta mtoto aliyekosa chakula, macho huharibika haraka. Wakati ule niliona tu kitu cheupe kikitanda kwenye mboni zake, kikizidi kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Nilimwosha kwa mikono hii. Aliniuliza kwa nini hawafungui dirisha, na dirisha la upande wake lilikuwa limeshatolewa blanketi, liko wazi.

Cicily alikuja kwa miguu, kilomita kama ishirini, amebeba ndengu kidogo kwenye kitambaa. Mwalimu Ednah alikuwa ameshachanganyikiwa, naye akamwambia mbele yetu, "Lakini mama, si ni wewe ulisema mtoto aliugua akiwa mdogo?"

"Mimi? Nikasema na nani?"

Mwalimu akaninyooshea kidole. Cicily akaniangalia. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Mimi sijasema hiyo maneno," akasema Cicily. Akarudia tena, polepole.

Hakuna aliyemwamini. Mwaka ule wazazi wengi waliapa kwamba watoto wao walishaugua, ili wapate ule uji wa maziwa, maana nyumbani hakukuwa na chakula, na Mwalimu Ednah alimwambia kwa upole kwamba si aibu, njaa ni njaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na nafasi ndefu kabisa, ya kutosha mtu kufunga kitambaa cha ndengu na kukifungua tena, kwa maana ndivyo Cicily alivyokuwa akifanya. Kisha sauti ya Mukami ikatoka kitandani: "Mama, kwa nini unakana? Gacheri hawezi kudanganya."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo nimeishi nayo.

Mukami akapelekwa shule ya wasioona, na baba yangu, aliyemhurumia, akawa anamleta nyumbani kwetu Nkubu kila likizo. Kwao alienda kwa mazishi tu: ya baba yake, na ya dada yake. Alimwamkia mama yake kwa adabu kama anavyomwamkia mgeni. Hakumchukia kwa kupofuka, alikuwa akiniambia. Alimchukia kwa kukana. "Angesema tu, mwanangu nilikosea, nilitaka upate chakula shuleni," alisema. "Ningemkumbatia siku hiyo hiyo." Kila msimu Cicily alimpa Ndwiga ndengu amletee. Mukami alizigawa bila kuzigusa, na aliyezipata mara nyingi ni mimi. Nilizipika nikazila. Nikwambie nini zaidi juu yangu?

Basi Ndwiga alipopiga simu, siku mbili zilipita, halafu Mukami akaniita.

"Nimefikiria," akasema. "Huyu daktari atakuja Jumanne. Nitamuuliza kama surua inaweza kumshika mtu mara mbili. Kama inaweza, basi labda niliugua kweli nikiwa mdogo, na mama alikuambia ukweli. Atakuwa alikana kwa woga tu, kuona nimepofuka. Woga naweza kusamehe. Nitaenda."

Alikuwa ameshapanga nguo kwenye begi. Niliomba, Mungu anajua, kwamba surua iwe inarudi. Mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu nimesimama jikoni naomba ugonjwa ubadilishe tabia zake kwa ajili yangu.

Jumanne Daktari Kiende akatuita mmoja mmoja, lakini Mukami alitaka niwe naye. Akasomewa majibu. Kingamwili zake za surua zilikuwa juu, na zangu pia.

"Miaka arobaini?" akauliza Mukami.

"Miaka arobaini," akasema daktari, na ungeona anaipenda kazi yake. "Mwili ukishapigana na kirusi cha surua, hauachi. Kuna chembe zinajificha ndani ya mifupa, kwenye uboho, zinatengeneza hizi kingamwili kila siku, hata kama hakuna kirusi kilichokuja kuushambulia. Nyingine zinazunguka zikingoja tu. Kirusi kikirudi, zinakijua mara moja. Ajabu ya surua ni kwamba yenyewe inakumbukwa, lakini inafuta kumbukumbu ya magonjwa mengine. Ndiyo maana zamani mtoto akipona surua alikuwa anaugua kila kitu mwaka mzima."

Nikaukumbuka mwaka wa 1985: Mukami na nimonia, Mukami na kuhara, Mukami na masikio yanayotoa usaha, na mama yake haruhusiwi kumuuguza kwa sababu Mukami mwenyewe hamtaki.

"Daktari, hebu niambie," akasema Mukami. Alikuwa ameshika mapaja yake kwa mikono yote miwili. "Mtu anaweza kuugua mara mbili? Tuseme aliugua akiwa mtoto wa mgongoni, halafu tena akiwa na miaka kumi na miwili, mbaya mpaka macho yaharibike?"

Daktari Kiende akafikiri. Angefikiri vibaya ningemshukuru mpaka leo.

"Hapana, mama. Siwezi kusema haijawahi kutokea duniani, lakini ugonjwa mkali hivyo? Hiyo ilikuwa mara yako ya kwanza. Mtu aliyesema uliugua mdogo alikosea, au alisema tu."

"Alisema tu," akarudia Mukami.

Tulipofika kwake alitoa simu, akampigia Ndwiga nikisikia. "Mwambie sitakuja. Mwambie alidanganya, akakana, na damu yangu imethibitisha." Kisha akavuta begi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini, akizipapasa kola kujua ipi ni ipi.

Mimi, mwenye maneno mengi, nikasema nitamchemshia chai. Nikawasha gesi, nikaizima. Nikasema nimesahau kitu kibandani sokoni, nikatoka mpaka kwenye geti, nikasimama hapo. Ukweli aliousema daktari ulikuwa umemwangukia mtu asiyekuwa na kosa, ambaye yuko kitandani Siakago anamuulizia binti yake, na atakufa akiwa mwongo, na mimi nitaenda mazishini nimemshika Mukami mkono, na akina mama watanisifu tena. Nikarudi.

"Mukami, mama yako hakuniambia kitu."

Akasimama na sweta mkononi.

"Hakuniambia uliugua. Nilimwambia Mwalimu Ednah hivyo kwa sababu niliogopa kuingia kule peke yangu. Nilitunga. Mama yako alipokana alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa hapo nikanyamaza. Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka arobaini, na hata majibu ninayo. Hakutukana. Alinitaka nirudie, nikarudia. Aliniuliza kama ni kitu nimetunga sasa ili aende akamwone mama yake, nikamwambia hapana, naapa. Akaketi kitandani. Baadaye akaanza kurudisha nguo kwenye begi, zile zile, lakini sasa hakuzipapasa, alizisukumiza tu ndani.

"Kesho unanipeleka," akasema. "Na utamwambia mwenyewe."

Siku ya pili, saa saba mchana, tulikuwa Siakago. Ndwiga akatuonyesha chumba. Cicily alikuwa amebaki mdogo kabisa ndani ya blanketi, lakini macho yake yalikuwa makali. Mukami alipopiga magoti kando ya kitanda, mama yake alimpitisha mkono usoni, paji, pua, kidevu, kana kwamba yeye ndiye asiyeona.

Nikasema yote. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, nikilia kama mtoto. Nilipomaliza Cicily akanitazama.

"Nilijua," akasema.

"Mama, ulijua?" akauliza Mukami.

"Siku ile ile. Mtoto akiambiwa kitu na mtu mkubwa, atamwangalia huyo mtu mkubwa amsaidie kukumbuka. Huyu aliangalia miguu yake."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia sijasema. Mara mbili. Wewe ukasema huyu hawezi kudanganya. Nikarudi nyumbani njia yote nikifikiria." Akapumzika, akavuta pumzi. "Wewe ulikuwa huoni, mwanangu. Ungetaka mtu wa kukushika huko mbali, na mimi na wadogo wako na ile njaa, ningekufuata wapi? Huyu Gacheri nilimwona. Alikuwa ameumia roho. Mtu ameumia roho hivyo hawezi kukuacha. Nikasema, nikimshitaki, baba yake atamtoa shuleni, na Mukami atabaki na nani? Wacha anikasirikie mimi, na awe na yeye."

Nje Ndwiga alikuwa akifukuza mbuzi.

Nilikuwa nimedhani siri ni yangu. Nilikuwa nimedhani hata wema wangu ni wangu: benki, hospitali, kanisani, miaka yote. Kumbe yule mama aliniona nikiwa na miaka kumi na mitatu, akanipima, akaniajiri kwa kosa langu mwenyewe, na mshahara akalipa yeye. Alitoa binti yake. Na ndengu alizituma kila msimu, bila shaka akijua ni nani anazila.

"Gacheri," akasema Mukami, bila kugeuka, "toka nje tafadhali. Nataka kukaa na mama."

Nilirudi Meru siku hiyo hiyo. Cicily aliishi siku thelathini na nane zaidi, na Mukami alikaa naye zote. Nilipopiga simu Ndwiga ndiye aliyepokea. Alisema wanaongea kutwa, na kwamba Mukami anajifunza jinsi mama yake alivyokuwa akichuja uji. Kwenye mazishi nilikaa nyuma kabisa, chini ya turubai, na hakuna aliyenishangilia.

Mukami alirudi Kinoru mwezi mmoja baada ya mazishi. Sasa kanisani huja na Mukiri, mwalimu wa kwaya. Mimi nilimwachia Mukiri nafasi yangu, nikauza vitunguu vyangu. Hata kutukana wateja nilipunguza, wakaniuliza kama naumwa.

Jumamosi moja, asubuhi, alikuja mpaka kibandani, Mukiri akamwacha hapo akaenda kununua viazi. Nikampa kigoda.

"Sitakaa sana," akasema. "Nimekuja kukuambia, kwa sababu najua unangoja. Macho nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile kabla hatujafika Siakago. Ulikuwa mtoto, uliogopa, na mimi ule uji niliutaka kuliko wewe."

"Mukami..."

"Bado sijamaliza. Ulikuwa mtoto mwaka mmoja, miwili. Baadaye ukawa mtu mzima, na kila mwaka uliniona namkataa mama, ukanipikia chai. Macho nimekusamehe, Gacheri. Lakini la mama, nimejaribu. Nimeomba. Siwezi."

Nikamwambia nimesikia. Mteja aliuliza kilo ya vitunguu ni ngapi, nikamjibu. Mukami akainuka, akanyoosha fimbo yake mbele, akaanza kupita katikati ya mafungu ya kabeji, na mimi nikashika meza yangu kwa mikono miwili ili nisimfuate.